Jinsi ya kutengeneza ramani ya hatari ya ukame mashambani: mwongozo kamili kwa mfano wa Kongwa

Sehemu ya mahindi yanayoshushwa Tandale na Manzese huja kwa njia ya Kibaigwa, soko kubwa la nafaka lililo kando ya barabara ya Dodoma, wilayani Kongwa. Mvua zikigoma kule, sisi wa Dar es Salaam tunapata habari kwa bei ya sembe dukani. Anayeumia kwanza, hata hivyo, ni mkulima, na swali lake ni la kata na kijiji: ni wapi hasa ukame hurudi mara kwa mara, na ukirudi ni kina nani watakosa chakula? Swali hilo hujibiwa kwa ramani. Ramani yenyewe unaweza kuitengeneza ukiwa Sinza au Mwenge, kwa kompyuta ya kawaida, bando la intaneti na data ambazo hazilipiwi.

Nawaandikia wanafunzi wa vyuo vyetu, maafisa wa mashirika yanayofanya kazi vijijini, na yeyote wa halmashauri aliyeambiwa "tuletee ramani ya ukame" bila kuelezwa aanzie wapi. Natumia Kongwa kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa historia yake inafundisha. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha hapo mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, na kufikia 1951 mpango ukaachwa. Udongo uligeuka mgumu kama saruji kila kiangazi kilipofika, na mvua hazikuwa za kutegemewa kama walivyodhani. Watu wa hapo walikuwa wakilima mtama na uwele kwa sababu walizozijua vizuri, ila sababu hizo hazikuingia kwenye mipango iliyochorwa ofisini.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya hatua yoyote. Ramani ya ukame wa kilimo lazima ifuate maisha ya zao shambani. Jumla ya mvua ya mwaka haikuambii mkulima alivuna nini. Kongwa inaweza kupata milimita 550, kiasi ambacho si kibaya kwa eneo lile, kisha jua likapiga wiki tatu mfululizo mwezi Februari, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kwenye jedwali la mwaka kila kitu kitaonekana sawa. Shambani kutakuwa na mabua.

Hatua ya 1: Chagua zao na uijue kalenda yake

Usianze na setilaiti. Anza na simu kwa afisa ugani wa kata mbili tatu, umuulize mambo manne: wakulima wengi hupanda nini, hupanda lini mvua zikiwa za kawaida, zao huchanua lini, na huvunwa lini. Kwa Kongwa na sehemu kubwa ya Dodoma, msimu ni mmoja: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba huchanua Februari, na mavuno huanza Mei.

Ukihamia Handeni, Korogwe, Same au Bagamoyo, hesabu inabadilika. Kule kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kila msimu utengenezewe ramani yake, kwa maana vuli ikifeli na masika ikafana, wastani wa mwaka utaificha njaa ya Januari.

Hapa pia ndipo wengi huharibu kazi bila kujua. Msimu wa Kongwa huvuka mwaka. Ukijumlisha mvua kuanzia Januari hadi Desemba unaunganisha mkia wa msimu mmoja na kichwa cha msimu mwingine, na namba unayopata haimhusu mkulima yeyote. Andika misimu kwa miaka miwili: 2004/05, 2005/06, na kuendelea. Faili zako zote zifuate utaratibu huo tangu siku ya kwanza.

Chagua zao moja kwa kila ramani. Mahindi na mtama haviwezi kukaa kwenye ramani moja ya tishio la ukame. Mtama ukikosa maji unaweza kusimama, ukasubiri, kisha ukaendelea mvua ikirudi; mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua hayana nafasi ya pili. Ukiwa na muda, tengeneza zote mbili na uziweke bega kwa bega. Tofauti kati yake ni ushauri tosha kwa afisa kilimo.

Hatua ya 2: Data na vifaa

Programu ya kuchora ni QGIS, na ni ya bure. Kwa kazi nzito ya kuchakata miaka mingi ya picha, jisajili kwenye Google Earth Engine, ambayo haitozi watafiti na wanafunzi kwa kazi zisizo za biashara. Faida yake kwetu ni kubwa: hesabu hufanyika kwenye kompyuta zao, wewe unapakua matokeo tu yaliyokatwa kwa mipaka ya wilaya yako. Ukijaribu kupakua picha za dunia nzima kwa bando la simu, utamaliza bando kabla hujaanza kazi.

Data za mvua ni CHIRPS, zinazotengenezwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kuchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Zinaanzia 1981, na kila kijisanduku chake, yaani kipande cha ramani chenye namba moja ya mvua, kina upana wa nyuzi 0.05, au kama kilomita 5.5. Za ukijani wa mimea ni MODIS MOD13Q1, zenye mita 250 na picha moja kila siku 16, kuanzia Februari 2000. Kwa matumizi ya ardhi kuna WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, ya mita 10, yenye matoleo ya 2020 na 2021. Udongo upo kwenye SoilGrids, mita 250. Idadi ya watu na mipaka ya kata utapata Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kutokana na sensa ya 2022.

Vipimo vya vituo vya mvua huombwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Peleka maombi mapema yakiwa na barua ya chuo au taasisi yako. Hata kituo kimoja chenye kumbukumbu ndefu kitakusaidia kujua kama CHIRPS inapunguza au inazidisha mvua ya eneo lako. Wilayani nako, ulizia shule, misheni na mashamba ya serikali, kwani baadhi ya sehemu hizo huwa na kipimo cha mvua na daftari ambalo halijawahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 3: Mipaka na kodineti

Hatua hii ni fupi, ila Dodoma ina mtego wake. Mstari wa nyuzi 36 mashariki hugawa kanda mbili za UTM, mfumo wa kodineti unaotaja mahali kwa mita. Jiji la Dodoma liko magharibi ya mstari huo, kanda ya 36 kusini. Mji wa Kongwa uko mashariki yake, kanda ya 37 kusini. Ukifanya kazi ya mkoa mzima, chagua kanda moja na ubaki nayo. Kwa Kongwa peke yake tumia WGS 84 UTM 37S, yenye namba EPSG 32737.

Ukichanganya na ramani za zamani za serikali zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, hakikisha QGIS inazibadilisha sawasawa. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni kama mita 300. Kwa kijisanduku cha mvua hilo ni dogo, lakini kwa shamba, kisima au skimu ya umwagiliaji ni kosa kubwa.

Hatua ya 4: Tishio, yaani ukame wenyewe

Huu ndio moyo wa kazi, kwa hiyo twende taratibu.

Watu wengi huishia kwenye SPI, kipimo kilichobuniwa na McKee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado mwaka 1993. Kinalinganisha mvua ya kipindi fulani na historia ya mahali hapo hapo. Sifuri ni kawaida. Kuanzia hasi 1.0 ni ukame wa wastani, hasi 1.5 ni mkali, hasi 2.0 kushuka chini ni mkali kupindukia. Ni kipimo kizuri na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakipendekeza. Kihesabu kwa miezi mitatu ya Desemba, Januari na Februari, ukiwa na msimu mmoja mmoja tangu 1981/82. Lugha ya kompyuta iitwayo R ina kifurushi cha bure kiitwacho SPEI kinachofanya hesabu hiyo kwa mistari michache.

Lakini SPI ya miezi mitatu hujumlisha, na kujumlisha huficha jua la Februari. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili kinachofuata mmea. Mimi hukipanga hivi.

Chukua CHIRPS za siku tano tano. Kila mwezi una vipindi sita na mwaka una 72. Kipindi cha mwisho cha mwezi huanzia tarehe 26 na kubeba siku zote zilizobaki. Usitumie zile za kila siku kwa kazi hii, maana CHIRPS hukadiriwa kwanza kwa siku tano, kisha hugawanywa kwa siku. Ukianza kuhesabu siku moja moja za jua unadai usahihi ambao data haina.

Tafuta mvua ya kupandia. Kanuni inayotumika sana ni milimita 25 ndani ya siku kumi, zikifuatiwa na angalau milimita 20 katika siku ishirini zinazofuata. Sharti la pili lina maana kubwa: mvua ya kwanza ikidanganya, mbegu huota na kufa, mkulima akalazimika kununua mbegu upya. Anza kutafuta kuanzia Novemba mosi, kwa kila kijisanduku na kwa kila msimu. Matokeo ni tarehe ya kupanda.

Kuanzia tarehe hiyo, hesabu mbele hadi siku ya 45, na ufungue dirisha la siku 25. Humo ndimo mahindi mengi ya muda wa kati huchanua na kuanza kutunga mbegu. Kama mbegu zinazotumika wilayani ni za muda mfupi, lisogeze dirisha nyuma kwa wiki moja. Sasa uliza swali moja: je, ndani ya dirisha kuna vipindi vitatu mfululizo, kila kimoja kikiwa na mvua chini ya milimita 5? Hizo ni siku 15 za jua wakati mmea unaotaka milimita 5 au zaidi kwa siku unapata chini ya milimita moja. Jibu likiwa ndiyo, msimu huo uandikie 1. Likiwa hapana, andika 0.

Rudia kwa misimu yote. Kutoka 1981/82 hadi 2023/24 ni misimu 43. Kijisanduku kilichoandikiwa 1 katika misimu 17 kati ya 43 kina uwezekano wa kama asilimia 40. Sema hivyo hivyo kwa mkulima: misimu miwili katika kila mitano, mahindi ya hapa hukutana na jua kali yakichanua. Hiyo ni lugha anayoweza kuipima kwa kumbukumbu yake mwenyewe, na ndiyo sababu naipenda kuliko namba yoyote ya SPI.

Usisahau misimu ambayo mvua ya kupandia haikupatikana kabisa, au ilipatikana mwishoni mwa Januari. Hiyo nayo iandikie 1. Kodi nyingi, yaani maelekezo ya hesabu yanayoandikiwa kompyuta, huiruka misimu hiyo kwa kuwa hakuna tarehe ya kuanzia, na hivyo miaka mibaya kuliko yote hutoweka kwenye hesabu. Kagua hili kwa macho yako, msimu kwa msimu.

Kisha ingiza udongo. Mvua ile ile ikinyesha kwenye mchanga na kwenye tifutifu, mmea wa kwenye mchanga hunyauka mapema, kwa sababu mchanga huhifadhi maji machache zaidi. Toa SoilGrids asilimia ya mchanga na mfinyanzi, gawa ardhi katika makundi matatu ya uwezo wa kuhifadhi maji, na upandishe au kushusha tishio kwa kiasi kidogo kufuatana na kundi. Matatu yanatosha, data ya udongo wa maeneo yetu haibebi zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Pima kwa ukijani

Mvua ni chanzo. Mimea ndiyo ushahidi. Kipimo cha NDVI hutoka kwenye mwanga unaorudishwa na majani, na kwenye faili za MODIS unapaswa kukizidisha kwa 0.0001 ili kupata thamani halisi. NDVI peke yake haitoshi kulinganisha kata moja na nyingine, maana kichaka cha mkambala na shamba la mahindi havifanani hata mwaka wa neema. Kwa hiyo tunatumia VCI, kipimo cha Felix Kogan, kinachokilinganisha kijisanduku na historia yake chenyewe:

VCI = 100 × (NDVI ya sasa − NDVI ya chini kabisa) ÷ (NDVI ya juu kabisa − NDVI ya chini kabisa)

Ya chini na ya juu ni za kipindi hicho hicho cha mwaka, tangu 2000. Tuseme mwishoni mwa Februari kijisanduku kimoja kina 0.38, na katika historia yake ya mwishoni mwa Februari kimewahi kushuka hadi 0.29 na kupanda hadi 0.64. Kabla ya alama ya kugawanya unapata 0.09, baada yake 0.35, na jibu ni 26 hivi. Chini ya 35 huhesabiwa kuwa ni ukame. Hapo mimea ina shida.

Ina shida, ndiyo, ila shida gani? VCI haijui. Inaweza kuwa jua, viwavijeshi vamizi, wakulima kuchelewa kupanda, au msitu uliofyekwa msimu huo. Mawingu nayo hushusha thamani. Tumia safu ya ubora iliyomo kwenye faili kuondoa picha mbovu. Ndiyo maana VCI naiweka kuwa shahidi wa mvua. Msimu ambao mvua na ukijani vyote vinasema ukame, uamini. Vikipingana, uwekee alama na uende kuuliza.

Hatua ya 6: Mashamba yako wapi

Ukame kwenye pori lisilolimwa si hatari ya kilimo. Toa tabaka la mashamba kutoka WorldCover, kisha ulikague. Maeneo makavu kama Kongwa huchanganya kompyuta: shamba lililopumzishwa huonekana nyika, na nyika iliyochungwa sana huonekana shamba. Fungua picha za karibu za setilaiti ndani ya QGIS, chagua nukta 100 kwa bahati nasibu zikiwa ndani na nje ya mashamba, ziangalie moja moja, uandike ulichokiona. Ni kazi ya kuchosha ya siku moja hivi na haina mbadala. Ukikuta makosa ni mengi, chora mwenyewe maeneo makuu ya kilimo kwa kushauriana na afisa ugani.

Skimu za umwagiliaji zitenge. Mpunga unaopata maji ya mfereji utabaki kijani wakati majirani wanakauka, na ukiuacha ndani utashusha hatari ya kata nzima kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Nani hataweza kuhimili

Vijiji viwili vinaweza kukaushwa na jua lile lile, kimoja kikauza mbuzi wachache na kusonga mbele, kingine kikauza shamba. Tofauti hiyo ndiyo udhaifu, na hupatikana kwa data za kata: kaya zinazotegemea zao moja, umbali hadi barabara inayopitika mwaka mzima, umbali hadi soko kama Kibaigwa, uwepo wa maji ya uhakika, uwiano wa wategemezi kwa wenye nguvu ya kufanya kazi. Sensa ya watu ya 2022 inakupa sehemu ya haya. Sensa ya Kilimo ya 2019/20 inakupa mengine, ingawa si kwa kata bali kwa ngazi iliyo juu yake.

Kuwa mwangalifu na mifugo. Ng'ombe ni akiba, lakini ukame ukirefuka hukonda na bei yao huanguka wiki zile zile kila mtu anapotaka kuuza. Mimi huhesabu mbuzi na kuku kuwa nguvu, ng'ombe nawaacha pembeni mpaka niwaulize wenyeji.

Chagua vigezo vinne au vitano tu. Nimeona ramani zenye vigezo ishirini ambazo mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini kata fulani ilikuwa nyekundu.

Hatua ya 8: Unganisha

Badilisha kila tabaka liwe kati ya 0 na 1: tishio, mashamba, udhaifu. Kisha zidisha. Usijumlishe. Chukua kata mbili za kubuni. Ya kwanza ina tishio 0.9, mashamba 0.1, udhaifu 0.8, ya pili ina 0.5, 0.6 na 0.6. Kwa wastani wa kujumlisha, ya kwanza inapata 0.60 na ya pili 0.57, kwa hiyo msaada utaelekea kata ya kwanza ambayo karibu haina mashamba. Kwa kuzidisha na kutafuta kipeuo cha tatu, ya kwanza inashuka hadi 0.42 na ya pili inabaki karibu pale pale, 0.56. Jibu la pili ndilo linalolingana na akili ya mtu anayeijua wilaya.

Uzito wa vigezo vya udhaifu unaweza kuupanga kwa njia ya Thomas Saaty ya kulinganisha viwili viwili: barabara na maji, kipi kina uzito zaidi, na kwa kiasi gani? Wape swali hilo watu watano au sita wanaofahamu eneo, akiwemo mkulima mwanamke, kwani majibu kuhusu maji hubadilika anapokuwepo. Njia hiyo ina kipimo cha kuonyesha kama majibu yanajipinga, kikizidi 0.10 rudia mahojiano. Baada ya hapo badilisha uzito kwa makusudi, panda na ushuke kidogo, uone ni kata zipi hubaki juu kila mara. Hizo zitetee kwa nguvu zako zote mbele ya kikao. Zinazopanda na kushuka, zitaje hivyo hivyo.

Neno kuhusu ukubwa. Kijisanduku cha mvua kina kama kilomita za mraba 30, na wilaya ya ukubwa wa kilomita za mraba 4,000 ina vijisanduku 130 na kitu tu. Kuvikata kuwa vya mita 30 ili ramani ipendeze hakuongezi mvua wala ukweli. Matokeo yatoe kwa kata, na usimruhusu mtu yeyote ayatumie kuamua shamba la nani limo na la nani halimo.

Hatua ya 9: Nenda ukaulize

Ramani ambayo haijafika kijijini haijakamilika. Basi la kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, linaloelekea Dodoma hupita Kibaigwa. Ukienda Kongwa mjini unashuka Mbande na kukata kushoto. Beba barua ya utambulisho, uanzie kwa Katibu Tawala, kisha mkurugenzi wa halmashauri, afisa kilimo, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Ukikiruka kimoja, mkutano wako utakwama hapo.

Kaa na wazee na akina mama kwa makundi tofauti, na ramani ibaki kwenye begi. Ukiitoa mwanzoni watakubaliana nayo kwa heshima. Wala usiulize "ukame ulitokea mwaka gani?" Ukishaamkia, uliza, "Mzee, ni mwaka gani mlinunua mahindi Kibaigwa badala ya kupeleka?" Akina mama waulize, "Mama, mwaka gani mlianza kupima unga kabla ya Januari?" Kumbukumbu hushikwa na matukio: mvua za El Niño za 1997/98, mwaka aliofariki Mwalimu, uchaguzi wa 2005, mwaka wa korona. Pigeni mstari mrefu chini, wekeni matukio hayo kwa mawe, kisha wao waweke misimu ya njaa katikati.

Msimu wa 2005/06 ni kipimo kizuri, kwa sababu ukame wake uliigusa nchi nzima hadi umeme ukawa wa mgawo. Hesabu yako isipouona kabisa, kuna kitu kimeharibika kwenye kodi. Linganisha misimu yenu na kumbukumbu za mavuno za halmashauri na orodha za mgao wa chakula kama zipo. Halafu toa ramani. Watakapokuonyesha bonde linalobaki na unyevu ambalo hesabu imeliweka kwenye hatari kubwa, andika jina lake na uchukue kodineti papo hapo.

Hatua ya 10: Chora, kisha kabidhi

Tumia rangi moja kutoka hafifu hadi iliyoiva. Nyekundu na kijani huwachanganya wenye upofu wa rangi, na ofisini wilayani ramani yako itatolewa nakala nyeusi na nyeupe. Madaraja matano yanatosha. Weka majina ya vijiji, shule, minada na barabara, kwa kuwa watu husoma ramani kwa kutafuta kwao kwanza. Pembeni andika misimu iliyotumika, zao, na sentensi moja inayosema kijisanduku cha mvua kina ukubwa gani.

Ramani hii huonyesha hatari ya muda mrefu. Haisemi msimu ujao utakuwaje. Hilo liko kwenye utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na viwili hivyo vikiwekwa pamoja ndipo afisa kilimo anapojua aanzie kata gani kuhimiza mtama na mbegu za muda mfupi.

Ikabidhi halmashauri vitu vitatu: ramani iliyochapwa kwa ukubwa wa A1, jedwali la kata lenye namba za kila tabaka, na folda ya data na kodi kwenye diski mweko. Jedwali ndilo litakalofanya kazi zaidi, kwa sababu bajeti huandikwa kwa majedwali. Vikao vya bajeti ya mwaka unaoanza Julai hushika kasi kuanzia Novemba, kwa hiyo kazi yako ifike kabla ya hapo. Kila Juni, mavuno yakishaonekana, ongeza msimu mmoja kwenye hesabu na ubadilishe jedwali. Mfundishe mtu mmoja wa idara ya kilimo kufanya hivyo mwenyewe, na umwache amefanya mara moja ukiwa umekaa pembeni yake.